Acha Idondoke Yenyewe

Ukitaka kumjua mtu asiyeijua dizeli, mpe dipstiki. Ataichomoa, ataifuta, ataichomeka tena, ataona oili nyeusi tii, na papo hapo atakutangazia kwamba imekwisha na injini iko mbioni kufa. Kumbe oili yenyewe imewekwa wiki iliyopita.

Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka iwe na joto la kuyawasha mafuta yanaponyunyizwa, na kila yanapowaka hubaki masizi. Mengi hutoka na moshi. Machache hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo, na huko hukutana na oili iliyotiwa dawa za kuyashika chembe kwa chembe, yasigandane na yasitue chini, yaelee tu hadi siku ya kumwagwa. Kwa hiyo oili nyeusi ni oili iliyo kazini. Mimi ningeitilia shaka ile inayobaki na rangi ya asali baada ya kilomita elfu mbili, maana masizi lazima yamebaki mahali fulani.

Ujuzi huu haukupatikana siku moja. Injini ya Rudolf Diesel ilifanikiwa kufanya kazi mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani, lakini kwa miongo kadhaa baada ya hapo oili ya kulainishia ilikuwa mafuta matupu. Katika miaka ya 1930 matrekta ya dizeli ya Caterpillar nchini Marekani yalianza kuwasumbua wenyewe. Ringi za pistoni ziliganda kwenye mifereji yake kwa uchafu uliopikwa na joto, na injini ikapoteza nguvu. Mwaka 1935 kampuni ya Standard Oil of California ikaleta sokoni oili yenye dawa ya kusafisha, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za namna hiyo. Kuanzia hapo jicho peke yake halikutosha tena kuipima oili. Ilibidi kutumia vidole, pua, kalenda na kipimo cha kilomita.

Hapa Arusha nina jirani, mzee aliyestaafu udereva wa magari ya watalii, ambaye bado anavitumia vyote hivyo. Katika gereji nyingi kumwaga oili ni kazi ya kijana aliyeingia jana, yule asiyeaminiwa hata kukaza tairi. Mzee huyu huifanya mwenyewe, uani kwake, chini ya mparachichi, na mtu yeyote atakayekuja kumpa habari za siasa wakati huo ataambiwa achukue kigoda akae mbali na mwanga.

Miaka yake ya kazi aliendesha Land Cruiser za injini ya 1HZ, silinda sita mstari mmoja, zaidi kidogo ya lita 4.1, bila turbo. Injini hiyo ilianza kutoka kiwandani mwaka 1990, na ndiyo iliyowapeleka watalii wengi Serengeti na kuwarudisha bila haraka. Alipostaafu alinunua Prado ya mwaka 1998 iliyotumika Japani, yenye injini ya 1KZ-TE, silinda nne, lita 3, na turbo juu yake. Anaizungumzia 1HZ kama mtu anavyomzungumzia rafiki wa utotoni. Hii ya sasa anaiheshimu tu.

Usidhani anafanya nyumbani ili kubana pesa. Ufundi wa kumwaga oili mtaani ni bei ya chai na chapati, kilicho ghali ni oili yenyewe. Anachokitafuta uani ni muda. Siku moja binti yake, ambaye naye ana Prado, alimwambia, "Lakini Baba, gereji wanamaliza kwa dakika kumi."

"Gereji wana foleni, mwanangu," akajibu. "Mimi foleni yangu ni hii moja."

Kazi inaanzia dukani. Hununua dumu la lita 5 na makopo mawili ya lita moja moja, kwa kuwa injini yake hunywa karibu lita 7 pamoja na filta mpya. Anachagua 15W-40. Namba iliyo mbele ya W huonyesha jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na ile ya pili jinsi inavyobaki nzito injini ikishapata moto. Asubuhi za Julai hapa kwetu tunavaa masweta, lakini si baridi ya Ulaya, na 15W inatosha kabisa. Kinachomshughulisha zaidi ni herufi ndogo za API nyuma ya dumu. Oili iliyopimwa kwa ajili ya dizeli hubeba herufi C mbele: CF-4, CI-4, CK-4. Herufi S ni za petroli. Muuzaji akimwambia, "Mzee, hii inaingia magari yote," humwomba amwazime miwani, alishike dumu asome mwenyewe.

Halafu kuna ubishi wa kilomita. Zamani dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi, na salfa ikiungua hugeuka asidi, nayo asidi huila dawa iliyomo kwenye oili kabla ya wakati. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli isiyozidi salfa sehemu 50 kwa milioni, na wapo wanaosema sasa mtu anaweza kwenda kilomita elfu kumi bila wasiwasi. Kwa injini mpya na oili ya sintetiki, huenda. Mzee amebaki kwenye elfu tano zake, na mimi niko upande wake. Injini ya umri ule, yenye turbo, inayopanda milima na kuvuta vumbi la barabara za huku, haina sababu ya kujaribiwa.

Asubuhi ya kazi hawezi kuliacha gari lilale. Huliendesha hadi sokoni na kurudi, robo saa hivi, ili oili ipate joto na masizi yachanganyike nayo vizuri. Oili baridi hushuka kama uji wa mtama uliolala, na nusu ya uchafu hubaki ndani imeng'ang'ania kuta. Ya moto mno nayo huchoma mkono. Akifika nyumbani haizimi injini ghafla. Anaiacha ingurume taratibu dakika moja au mbili, kwa sababu turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika inapofanya kazi kwa nguvu, na beringi zake hupozwa na oili hii hii. Ukizima wakati bado ina moto, oili iliyobaki ndani yake huungua na kuwa makaa. Baada ya kuzima, anangoja tena kidogo ili ile ya juu iteremke kwenye sampo.

Gari refu lina raha yake: haliombi jeki. Mahali ni tambarare, gia imeingizwa, breki ya mkono imevutwa, mawe mawili yamekaa nyuma ya tairi, boksi limekunjuliwa chini, na mzee wa miaka sabini na ushei anateleza chini ya gari bila kulalamika mgongo. Kabla ya hapo amefungua kifuniko cha juu ya injini, hewa iingie na oili ishuke bila kugugumia.

Nati ya sampo anaifungua kwa spana ya pete inayokaa kamili. Hataki kuiona ile spana ya kurekebisha ambayo mafundi wameipa jina lisiloandikika hapa. Spana inalegeza tu, zamu ya kwanza. Zinazobaki ni za vidole. Hapo ndipo panaponifanya nichutame kuangalia kila anapofanya kazi hii. Anaizungusha nati huku akiisukuma juu, kana kwamba anaikaza, ili uzi ukishaisha oili isipenye wala isimloweshe. Anajua kwa ncha za vidole kwamba imeachia. Anatulia. Kisha kwa mkupuo mmoja anaivuta pembeni, na mkono umekwishatoka kabla oili haijatoka. Mkondo wa kwanza huruka mbali kwa sababu ya uzito ulio juu yake, halafu kadiri sampo inavyopungua huangukia karibu zaidi. Beseni lake amelitega akijua hivyo, na hulisogeza mara moja tu. Kijana wa gereji hulitega chini ya tundu kabisa, kisha anashangaa sakafu imelowa.

Mkondo hupungua, unakuwa uzi, uzi unakatika na kuwa matone. Gereji nati hurudishwa hapo. Uani chai ndiyo kwanza inaletwa. Matone ya mwisho ndiyo yanayobeba mazito yaliyokuwa chini kabisa, na hayaharakishwi kwa kupuliza wala kwa kulitikisa gari, ingawa nimeona wakijaribu yote mawili. Nusu saa hupita. Katika nusu saa hiyo mzee hafanyi umbea, anaisoma oili.

Kwanza ananusa. Oili iliyoingiliwa na dizeli ina harufu kali na huwa nyepesi mno kati ya vidole, na mara nyingi dipstiki ilikwishatoa taarifa mapema kwa kuonyesha kiwango kinapanda badala ya kushuka. Gari linaloongeza oili lenyewe halikuletei neema. Pili anatazama rangi pembezoni mwa beseni. Weupe wa maziwa humaanisha maji, na kwa 1KZ-TE hilo ni jambo la kuogopa, kwa kuwa silinda hedi yake inajulikana kupasuka ikipatwa na joto kupita kiasi. Tatu anapitisha sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Unga mwembamba wa chuma haumsumbui. Vipande vinavyoonekana kwa macho vinamnyima usingizi. Lakini sumaku hainasi kila kitu, maana uso wa beringi za krankshafti ni wa madini laini yasiyovutwa na sumaku, kwa hiyo huichota oili kidogo kwenye kifuniko cheupe, akaipeleka juani, akaigeuzageuza akitafuta mng'aro wa shaba au fedha.

Baada ya hapo anafanya jambo ambalo sijaona gereji yoyote ikilifanya. Huipima oili iliyotoka kwa jagi lenye alama za lita. Kama aliweka saba na zimetoka sita na robo, robo tatu imeliwa njiani, na daftari litaonyesha kama mara iliyopita ililiwa nusu tu. Ni hesabu ya darasa la tatu, na inaeleza afya ya ringi na turbo mapema kuliko moshi wa buluu.

Filta huitoa kwa mkanda wa kubana. Kuna wanaoitoboa kwa bisibisi na kuizungusha kwa nguvu, na bati likichanika wanabaki na kipande kilichoganda kwenye injini na oili inayochuruzika hadi kiwiko. Hiyo si njia ya mkato. Mara moja moja huikata filta ya zamani kwa msumeno, akaikunjua karatasi yake mikunjo yote, akaisoma nayo chini ya jua. Ndani ya kopo lile dogo la bati kuna akili nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Kuna mpira unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa, ili asubuhi isiwashwe ikiwa kavu, na kuna vali ya dharura inayofunguka karatasi ikiziba, oili ipite bila kuchujwa. Aliyeibuni alikubali kwamba injini itavumilia oili chafu kwa muda, lakini haitavumilia ukavu hata dakika chache.

Kabla ya kufunga mpya huangalia kama pete ya mpira ya ile ya zamani imetoka nayo. Ikibaki imenata kwenye injini na ukafunga nyingine juu yake, pete mbili zitakaa vizuri kwa kilomita chache, kisha zitatapika oili yote barabarani. Pete mpya huipaka oili kwa kidole. Kuhusu kuijaza filta kabla ya kuifunga pana ligi mbili. Ya kwanza husema ijazwe ili injini isikae sekunde kadhaa bila oili, ya pili husema ukimimina kwenye tundu la katikati unaingiza oili ambayo haikuchujwa. Mzee hujaza kwa kutumia vile vitundu vya pembeni, tone kwa tone, na hivyo amezinyamazisha zote mbili, ingawa inamchukua muda ambao kijana wa foleni hana. Huikaza kwa mkono. Pete ikigusa, anaongeza robo tatu ya mzunguko, basi.

Washa ya nati huweka mpya. Akikosa, na kama ile ya zamani ni ya shaba, huipasha kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, akaipoza, nayo hulainika upya na kukubali kubanwa. Nati yenyewe huikaza kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Uzi wa sampo ukishaharibika kwa kukazwa kupita kiasi, hasara yake inazidi kila senti uliyowahi kuiokoa.

Kumimina ni sehemu nyepesi na ndiyo inayoharibiwa zaidi na watu wakarimu. Humimina lita sita kwa faneli, anasubiri ishuke, anapima, kisha huongeza kidogo kidogo. Oili ikizidi, krankshafti huipiga ikawa povu, na povu halilainishi chochote. Kwa dizeli pana hatari nyingine ambayo mwenye petroli haijui. Oili ni mafuta. Ikizidi mno na kuvutwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuanza kuichoma yenyewe na kupanda mizunguko bila kukanyagwa, na ufunguo hautaizima, kwa sababu hakuna cheche ya kuikatia. Huzimwa kwa kuinyima hewa. Mwenye kuikumbuka habari hii hamimini kwa kukadiria.

Anawasha. Taa nyekundu ya oili hukaa sekunde chache, inazimika. Hakanyagi mafuta hata kidogo, turbo bado inangoja zamu yake ya kunywa. Baada ya dakika mbili anazima, anajipenyeza tena chini na kipande cha karatasi nyeupe, anafuta kuzunguka nati na filta, na kuitazama karatasi. Anapima upya, kwa kuwa filta na njia zake zimekwishanywa. Anaongeza kikombe. Anaandika kwenye daftari: tarehe, kilomita, aina ya oili, lita zilizotoka, lita zilizoingia. Ile kadi ya kuning'iniza kwenye usukani anaiita pambo.

Prado ya binti ni ya injini mpya zaidi, 1KD-FTV, iliyoanza kuchukua nafasi ya 1KZ-TE mwaka 2000. Ina nguvu na utulivu, ila inataka macho ya aina yake. Washa za shaba chini ya nozeli zake zikichoka, moshi wa silinda huvuja ndani, masizi huongezeka, huganda, na mwishowe huziba wavu wa kufyonzea oili ndani ya sampo. Gari huwa zima kabisa hadi taa nyekundu inapowaka barabarani, na dipstiki inaonyesha imejaa. Ndiyo maana mzee, akimwaga oili ya gari hilo, huvua glavu moja na kusugua tone la mwisho kati ya vidole muda mrefu kuliko la gari lake, akitafuta chenga. Glavu nyingine haivui. Vijana wanaomcheka kwa kuzivaa wanastahili kuambiwa kwamba oili chafu, ikigusa ngozi mwaka hadi mwaka, huhesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani.

Inabaki oili chafu yenyewe, lita karibu saba, imesubiri kwenye beseni. Haimwagi mtaroni, kwa sababu mtaro unaelekea mtoni na kuna watu chini wanaochota. Hampi mwenye duka la kona anayetaka kuinyunyiza barabarani kuzuia vumbi, na wamekwishanuniana kwa hilo. Huihamishia kwenye dumu tupu la ile mpya, akaiweka kivulini mpaka apite fundi ujenzi anayepaka mbao zake zisigandane na zege, au mwenye kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Nguzo nazo huichuja ardhini, na mzee anajua, kwa hiyo zege ndilo huanza. Fundi ujenzi alipokuja mara ya mwisho alianza kutaja bei, akakatizwa.

"Oili chukua bure," mzee akamwambia. "Dumu nirudishie."